Kurudi Angani Baada ya Kukaa Nje: Mwongozo Kamili kwa Rubani wa Shirika la Ndege

Rubani mwenzangu uliyetundika sare kabatini ukidhani ni kwa miezi michache, kisha miezi ikazaa miaka, mwongozo huu nimekuandikia wewe. Huenda ulipunguzwa kazini mwaka 2020 viwanja vilipojaa ndege zilizoegeshwa. Huenda ulijifungua, uliugua, ulikwenda kufanya biashara, au shirika lako lilifunga milango. Mimi nilikaa nje karibu miaka mitano nikimuuguza mzazi. Leo ninaruka tena, na siku ambazo siruki ninafundisha kwenye simuleta, yaani mashine ya ardhini inayoiga ndege, ambako nimewapokea wengi wanaorudi kama nilivyorudi mimi.

Nilianza vibaya. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kukodi saa za simuleta. Mikono ilikubali, nikatoka nikitabasamu, ndipo nikaenda kwa daktari wa anga. Akaona jambo dogo kwenye kipimo cha umeme wa moyo, akataka vipimo zaidi, na majibu yakachukua miezi minne. Yalipotoka salama, saa zile nilizolipia zilikuwa zimeshapoa na ikabidi nianze tena. Ndiyo maana hapa ninaanza na mwili, kisha karatasi, kisha njia ya kuingilia, kisha kichwa, na mikono inakuja mwisho. Kila nilichokiona tangu wakati huo kimenithibitishia mpangilio huo. Mikono haisahau haraka. Kinachopotea ni uwezo wa kichwa kuitangulia ndege, na huo hauhitaji simuleta ili uanze kuurudisha.

Hatua ya kwanza: daktari kabla ya kila kitu

Usilipe chochote, wala usiache kazi uliyonayo sasa, kabla hujashika cheti cha afya cha daraja la kwanza mkononi. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, cheti hicho hudumu miezi 12 kwa rubani wa ndege za abiria zenye marubani wawili, na ukishavuka miaka 60 kinashuka hadi miezi sita. Nchi zinaweza kukaza zaidi. Marekani, kwa mfano, hupunguza hadi miezi sita tangu unapotimiza miaka 40.

Muda uliokaa nje una uzito wake. Chini ya kanuni za EASA, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, cheti cha daraja la kwanza kikiwa kimekwisha zaidi ya miaka miwili, daktari hawezi kukupima mpaka apitie kumbukumbu zako zote za afya ya anga. Kikipita miaka mitano, unapimwa kama mtu anayeomba kwa mara ya kwanza kabisa. Kama unakaribia mojawapo ya mistari hiyo, nenda sasa hata kama hujaamua kurudi. Kuhuisha cheti ni kazi ndogo kuliko kuanza upya.

Nenda na makaratasi. Kama ulilazwa, ulifanyiwa upasuaji au ulitumia dawa kwa muda mrefu, beba ripoti ya daktari aliyekutibu, majibu ya vipimo, na barua inayoeleza hali yako ya sasa. Daktari wa anga hachelewi kwa sababu ya ugonjwa peke yake. Mara nyingi anachelewa kwa sababu hana ushahidi wa kumpelekea mkuu wake. Kama ulijifungua karibuni, pima wingi wa damu mapema, na uwe mkweli kwa nafsi yako kuhusu usingizi.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo wengi wanapojidhuru. Usifiche. Najua hofu ilivyo: unaona ukisema kweli kuhusu sonona, presha au kisukari, leseni ndiyo basi. Lakini milango iliyokuwa imefungwa zamani imefunguliwa kwa kiasi. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilianza mwaka 2010 kuwaruhusu baadhi ya marubani wanaotumia dawa fulani za sonona waendelee kuruka chini ya uangalizi. Wapo marubani wanaotumia insulini ambao wanaruka wakifuata masharti maalumu. Uongo kwenye fomu ya afya, kwa upande mwingine, ni kosa linaloweza kukumaliza hata pale ambapo ugonjwa wenyewe ungekubalika. Kama uliondoka kwa sababu ya msongo au huzuni, tafuta msaada kwanza, upone, kisha upeleke taarifa ya kupona kwako. Hakuna aibu katika hilo. Napenda kusema hivyo wazi kwa sababu kuna wenzetu waliokaa kimya mpaka wakavunjika.

Jambo la mwisho kuhusu mwili ni umri. Tangu Novemba 2006, ICAO imeweka miaka 65 kuwa kikomo kwa rubani wa safari za kibiashara za kimataifa kwenye ndege zenye marubani wawili. Hesabu imebaki miaka mingapi. Shirika nalo litaihesabu, kwa kuwa mafunzo ni ghali na linataka kuona litakutumia kwa muda gani.

Hatua ya pili: panga karatasi zako, na utofautishe kinachokufa na kisichokufa

Marubani wengi huniambia "leseni yangu imekufa". Nikiwauliza wanamaanisha nini, hujikuta wanachanganya vitu vinne. Kuna leseni yenyewe. Kuna idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutegemea vipimo vya ndani bila kuona nje. Kuna idhini ya aina ya ndege, mfano Airbus A320 au Boeing 737. Na kuna kiwango cha Kiingereza. Kila kimoja kina saa yake.

Leseni ya Marekani haina tarehe ya kufa, na leseni ya Ulaya chini ya EASA nayo hutolewa bila kikomo. Nchi nyingine hutaka ihuishwe kila baada ya muda. Idhini ndizo zinazokwisha. Ulaya, idhini ya aina ya ndege na ile ya vyombo hudumu mwaka mmoja mmoja. Zikishapita, chuo kilichoidhinishwa kinakutathmini, kinakupa mafunzo ya kukurudisha kwenye kiwango, kisha unafanya mtihani mbele ya mtahini. Kadiri muda unavyorefuka ndivyo mafunzo yanavyoongezeka, mpaka ufike mahali ambapo kwa vitendo unaisoma ndege upya.

Mtego mkubwa kuliko yote ni miaka saba. Chini ya EASA, idhini yako ya vyombo isipohuishwa kwa miaka saba, unarudi darasani kufanya tena mitihani ya nadharia na ule wa vitendo. Nadharia ya leseni ya rubani wa shirika la ndege nayo, kwa mtu ambaye hajapata bado leseni hiyo kamili, huhesabiwa miaka saba tangu idhini yake ya vyombo au ya aina ya ndege ilipokuwa hai mara ya mwisho. Kama uko mwaka wa sita, acha kusoma hapa, piga simu chuoni ukapange mtihani wa vyombo, hata kama ni kwenye ndege ndogo ya injini mbili. Utaokoa miezi ya kukesha na vitabu.

Kiingereza husahaulika kwenye mipango. ICAO inataka angalau kiwango cha nne. Kiwango hicho hupimwa upya kila miaka mitatu, cha tano kila miaka sita, na cha sita hakipimwi tena. Angalia kwenye leseni yako imeandikwa kipi.

Halafu kitabu chako cha saa. Kitoe, jumlisha upya kila ukurasa, na ukinakili kwenye jedwali la kompyuta: saa zote, saa za ukapteni, saa kwa kila aina ya ndege, saa za usiku, tarehe ya safari ya mwisho. Hesabu zisizolingana ndizo humwangusha mtu mbele ya mwajiri, na kosa la kujumlisha la miaka kumi iliyopita huonekana kama udanganyifu leo. Kama shirika lako la zamani bado lipo, omba barua ya kuthibitisha saa na nakala za kumbukumbu zako za mafunzo. Kama lilifilisika, ulizia mamlaka ya usafiri wa anga au msimamizi wa ufilisi mapema, kabla kumbukumbu hazijatupwa.

Anza pia kukusanya ushahidi wa ulikokuwa. Kitambulisho cha uwanja wa ndege hakitolewi bila uchunguzi wa usalama, na katika Umoja wa Ulaya uchunguzi huo hupitia kazi, masomo na kila pengo kwa angalau miaka mitano iliyopita. Mtu aliyekaa nyumbani akilea au kuuguza anahitaji barua ya mtu wa kumthibitisha. Nimeshuhudia mwenzangu akimaliza simuleta vizuri kisha akakaa wiki sita akisubiri kitambulisho kwa sababu ya miezi minane isiyo na maelezo.

Baada ya hapo, iandikie mamlaka yako kwa barua pepe. Taja namba ya leseni, tarehe ya kila kitu, na uulize swali moja lililonyooka: nifanye nini, kwa mpangilio gani, ili niruke tena aina hii ya ndege kibiashara? Subiri jibu la maandishi. Maneno ya simu, hata yakitoka kwa mtu mwema, hayatakusaidia mbele ya mtahini.

Hatua ya tatu: chagua mlango wa kuingilia

Kama mwajiri wako wa zamani anakuhitaji, anza huko, hata kama mliachana kwa uchungu. Anajua ulivyoruka, ana faili lako, na taratibu zake bado zimelala mahali fulani kichwani mwako. Uliza kama utarudi na nafasi yako kwenye orodha ya ukongwe au utaanzia chini. Jibu hilo ndilo litakalopanga ratiba, likizo, kituo na ukapteni wako kwa miaka mingi. Mshahara wa mwezi wa kwanza hauna uzito huo.

Kama huna pa kurudi, angalia ni ndege zipi zina soko. Familia za A320 na 737 ndizo zenye kazi nyingi duniani. Kama idhini yako ya mwisho ni ya mojawapo, kuihuisha kunaweza kuwa na maana. Kulipia mwenyewe idhini mpya kabisa, bila barua ya ajira mkononi, mimi sikushauri. Utatoka na karatasi isiyo na saa hata moja safarini, na saa ya mwaka mmoja inaanza kuhesabu siku hiyohiyo. Nimewaona waliokopa kwa ajili hiyo, na mkopo ukawazidi umri wa karatasi.

Kuna njia ndefu zaidi ambayo ninaiheshimu sana: kurudi kwa ndege ndogo. Huisha idhini ya vyombo, fundisha kwenye chuo cha marubani kama una idhini ya ukufunzi, au ingia kampuni ya mizigo au ya ndege za pangaboi kama ATR 72. Waajiri wengi huuliza umeruka saa ngapi ndani ya miezi 12 iliyopita, na saa mia moja za karibuni kwenye ndege ndogo zinasema kitu ambacho saa elfu tano za zamani haziwezi kukisema.

Na zungumza na nyumba yako. Watu walizoea kukuona jioni. Ratiba ya shirika itawaondolea hilo, na mafunzo yenyewe yatakumeza kwa miezi miwili au mitatu. Panga nani atabeba nini kabla simu ya usaili haijalia.

Hatua ya nne: rudisha kichwa kabla ya mikono

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Stephen Casner wa NASA walichapisha kazi waliyofanya na marubani 16 wa mashirika ya ndege kwenye simuleta ya Boeing 747-400. Walitaka kujua otopailoti, mfumo unaoirusha ndege yenyewe, imewapotezea nini. Ustadi wa mikono ulikuwa umebaki kwa kiasi kizuri, hata kwa wasioutumia mara kwa mara. Kilichokuwa kimelegea ni kazi za kichwa: kujua ndege iko wapi bila ramani ya skrini, kuamua hatua inayofuata ya safari, kutambua chombo kilichoharibika. Nilipoisoma nilijiona mimi. Siku ile ya simuleta niliyojivunia, kwa kweli nilikuwa ninaipapasa ndege vizuri huku sijui dakika tano zijazo zina nini.

Kwa hiyo jipe wiki nane kabla ya kugusa simuleta. Wiki mbili za kwanza ni vitabu: vikomo vya ndege visivyoruhusiwa kuvukwa, mifumo, na hatua za dharura zinazofanywa kwa kichwa bila kusoma. Zikariri kwa maneno yaleyale yaliyomo kwenye kitabu cha sasa. Narudia, kitabu cha sasa. Toleo ulilolihifadhi kwenye kompyuta tangu ulipoondoka ni hatari, kwa sababu litaamsha majibu ya zamani ambayo huenda yameshabadilishwa.

Wiki ya tatu hadi ya sita, bandika picha kubwa ya chumba cha marubani ukutani, weka kiti, keti. Fanya maandalizi yote ya ndege kwa mkono, ukigusa kila swichi kwenye picha na kutamka kwa sauti. Tamka na matamko ya mwenzako. Paa, zima injini moja ya kufikirika, shughulikia, rudi utue. Mara ya kwanza utajisikia kama mtoto anayecheza. Siku ya kumi utagundua mkono unakwenda kwenye swichi kabla hujafikiri, na hapo ndipo nafasi inapopatikana kichwani kwa ajili ya mambo mengine. Kama unaye rubani mwingine anayerudi, fanyeni wawili. Mazoezi ya kuitikiana hayafanyiki vizuri peke yako.

Rudisha pia hesabu za kichwani. Urefu wako kwa maelfu ya futi mara tatu unakupa maili za baharini unazohitaji kushuka kwa pembe ya kawaida ya nyuzi tatu: futi 30,000, maili 90, ongeza kama kumi za kupunguzia kasi. Kasi yako ya ardhini ikatwe nusu, uiongezee sifuri: nodi 140 zinakupa futi 700 kwa dakika. Fanya hesabu hizi ukiwa kwenye foleni, ukiwa unatembea. Sikiliza mawasiliano ya waongoza ndege pale sheria inaporuhusu, na urudie maagizo kwa sauti kabla rubani wa kweli hajarudia. Redio ni ya kwanza kukusaliti. Akili ikijaa, sikio ndilo linalofunga mlango.

Mchezo wa urushaji wa kwenye kompyuta ya nyumbani unafaa kwa kuzungusha macho kwenye vyombo na kwa mpangilio wa hatua. Usiutumie kujifunza kutua. Hautakupa uzito wa usukani wala hisia ya kiti, na utakuzoesha vibaya.

Kama unahama kutoka Boeing kwenda Airbus, au kinyume chake, ongeza muda. Kwenye Airbus vishikio vya nguvu ya injini havisogei vyenyewe wakati nguvu inabadilika, na usukani wa mwenzako huuoni ukicheza. Aliyezoea kujua kwa kugusa lazima ajifunze kujua kwa kusoma skrini.

Hatua ya tano: jifunze kilichobadilika ulipokuwa haupo

Kila aliyekaa nje ana orodha yake kulingana na mwaka alioondoka. Haya ndiyo ninayokuta yanawakwaza watu.

Tangu Novemba 4, 2021, hali ya barabara ya kurukia inaripotiwa kwa mfumo mmoja wa dunia. Kila theluthi ya barabara inapewa namba kutoka 6, yaani kavu, hadi 0, yaani breki hazishiki kabisa. Namba hizo unaziingiza moja kwa moja kwenye hesabu ya umbali wa kutua. Ramani nyingi za kukaribia kutua kwa setilaiti zilizoitwa RNAV sasa zinaitwa RNP. Na mikoba ya vitabu imetoweka: karibu kila kitu kiko kwenye tableti, ikiwemo hesabu ya kupaa. Jizoeze kuikagua hesabu hiyo kwa akili yako, maana tarakimu moja ikikosewa tableti itakupa jibu baya kwa utulivu uleule inaotumia kutoa jibu zuri.

Kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS kumekuwa jambo la kila siku katika baadhi ya anga, hasa mashariki mwa Mediterania, Bahari Nyeusi na Baltiki. Ndege inaweza kuonyesha iko mahali pasipo pake, saa ikabadilika, na onyo la ardhi likalia ukiwa juu kabisa. Soma utaratibu wa shirika lako kuhusu hili mpaka uukariri. Ni hapa ambapo ule ujuzi wa zamani, wa kujua uliko kwa vituo vya redio vya ardhini na kwa saa ya mkononi, una kazi tena.

Mafunzo ya kuiokoa ndege iliyopoteza mnyanyuko yamebadilika tangu ajali za Colgan Air 3407 na Air France 447, zote za mwaka 2009. Zamani wengi wetu tulifundishwa kusukuma nguvu ya injini na kujitahidi tusipoteze urefu. Sasa la kwanza ni kushusha pua, kupunguza pembe ambayo bawa linakutana na hewa, na urefu utapotea kadiri itakavyobidi. Kama uliondoka kabla ya mabadiliko hayo, mkono wako unaweza kufanya kitu cha zamani chini ya mshtuko. Lizoeze hili zaidi ya mengine.

Kama utaruka 737 MAX, soma kwa makini ajali za Oktoba 2018 na Machi 2019 zilizoua watu 346, mfumo wa MCAS unaoshusha pua ya ndege wenyewe ulifanya nini, na kwa nini FAA ilipoirudisha angani Novemba 2020 ilidai marubani wafanye mafunzo ya simuleta kwanza.

Na baada ya ajali ya Germanwings mwaka 2015, ambapo rubani msaidizi aliiangusha ndege kwa makusudi, Ulaya imeweka tathmini ya kisaikolojia kabla ya kuanza kuruka na shirika, pamoja na mipango ya marubani kusaidiana wao kwa wao. Ukikuta mpango kama huo, chukua namba yake siku ya kwanza.

Hatua ya sita: maombi na usaili

Eleza pengo lako kwa sentensi mbili za kweli, kisha uendelee. "Nilikaa nje miaka mitano nikimuuguza mzazi wangu. Tangu mwaka jana nimehuisha cheti cha afya na idhini ya vyombo, na nimeruka saa sitini." Inatosha. Anayejitetea kwa dakika kumi humfanya msaili aanze kutafuta kilichofichwa.

Msaili atauliza kwa nini anayerudi achukuliwe badala ya aliyetoka chuoni jana. Jibu liwe na matendo: nilisoma hiki, nilifanya kile, tarehe hii nilipita mtihani ule. Kwenye jaribio la simuleta huenda ukaruka bila otopailoti na bila alama za kukuongoza kwenye skrini. Hakuna anayetarajia ukamilifu. Wanaangalia kama dosari zako zinapungua kadiri dakika zinavyokwenda, kama unapokea sahihisho bila kunyong'onyea, na kama unamshirikisha mwenzako. Nimeona mtu akipita baada ya kukosea vibaya mwanzoni, kwa sababu alisema, "Nimechelewa kurekebisha kasi, naomba unikumbushe," kisha akarekebisha.

Hatua ya saba: simuleta

Kipindi kwa kawaida ni saa nne, ukiongeza maelezo kabla na baada. Vipindi viwili vya kwanza utakuwa nyuma ya ndege. Utasikia redio imechelewa, macho yatagandia chombo kimoja, utasahau tamko ulilolijua tangu ujana. Usiogope, na usilipize kwa haraka. Haraka ndiyo kosa ninaloliona zaidi kwa wanaorudi. Injini ikifa wakati wa kupaa, mtu anataka kuthibitisha kwamba bado ni rubani, anarukia swichi. Ndege yenye injini moja iliyonyooshwa vizuri inaweza kusubiri. Ishike, inyooshe, ipandishe, ndipo mzungumze tatizo ni lipi na nani afanye nini.

Ukiona unabaki nyuma kipindi cha tatu, omba cha ziada wakati huohuo, mwenyewe. Mkufunzi huliona ombi hilo kama dalili ya mtu anayejijua. Akilazimika kukuongezea mwishoni, faili litasomeka tofauti.

Lala. Soma kidogo jioni, funga kitabu, lala.

Hatua ya nane: safari za kwanza na abiria

Simuleta haikufundishi uwanja. Utashangaa kwamba kinachokuchosha ni yale yaliyo kabla ya kupaa: mafuta, mizigo, fundi anayekuita, abiria aliyepotea, njia za kutembezea ndege zenye alama usizozikumbuka. Jifunze ramani ya uwanja usiku wa jana yake. Ukiwa unatembeza ndege na huna hakika uliko, simama uulize. Mwongoza ndege anapenda swali kuliko ndege iliyokatiza barabara ya kurukia.

Kutua kwa kweli kutahitaji jicho. Wengi wanaorudi huinua pua mapema mno au kwa kuchelewa, kwa kuwa picha ya ardhi imepotea machoni. Peleka macho mbali, mwisho wa barabara, na umwombe kapteni mkufunzi akupe kutua kwingi hali ya hewa ikiwa tulivu kabla ya upepo wa ubavuni. Kanuni ya ICAO ni kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, ikiwemo kwenye simuleta iliyoidhinishwa. Kwa anayerudi, tatu ni chache mno. Omba safari fupi zenye kutua kwingi, hata kama safari ndefu zinalipa zaidi.

Na ghairi kutua bila kuona haya. Mashirika mengi hutaka ndege iwe imetulia kwa kasi, mwelekeo na kasi ya kushuka ifikapo futi 1,000 juu ya uwanja. Mwaka 2020, wengi walipokuwa wanaruka kwa nadra, IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ilionya kwamba mikaribio isiyotulia ilikuwa imeongezeka. Wewe uko katika hali ileile. Amua chini kabla hujapaa kwamba ukikosa kutulia utapaa tena, ili huko juu usiwe na cha kujadili.

Kama ulikuwa kapteni na sasa umekaa kiti cha kulia kando ya kapteni uliyemzidi miaka kumi na tano, mwambie mapema: "Nimerudi juzi, nikinyamaza sana niulize." Mimi nilisema hivyo siku ya kwanza. Kapteni yule kijana alinijibu kwamba yeye naye alikuwa na wiki tatu tu kwenye kiti cha kushoto, kile cha kapteni. Tulikwenda polepole, tukasoma kila orodha neno kwa neno, tukafika.

Kwa miezi sita ya mwanzo beba daftari dogo. Kila baada ya safari andika mambo mawili: kilichokushangaza, na swali ulilokosa jibu lake. Litafute jibu kabla ya safari inayofuata. ICAO inataka ustadi wako upimwe mara mbili kwa mwaka, na mtihani wako wa kwanza utafika ukiwa bado unajiona mgeni. Fungua daftari lile wiki mbili kabla. Yaliyojirudia humo ndiyo ya kufanyia mazoezi, na ndiyo utakayomwomba mkufunzi ayaweke kwenye kipindi chako.